Mlango Hauna Nusu

Warithi walikuwa saba, mlango ulikuwa mmoja.
Nyumba ile ya nyuma ya soko, hapa Wete,
walishaigawa: huyu ukumbi, yule kisima,
Bi Time akapewa ngazi, akacheka:
"Nipande nende wapi?"
Mlango ndio uliowashinda.
Ukauzwa. Hoteli moja ya Unguja
ilileta fedha taslimu, na turubai.

Mize Shaame hakuwa mrithi.
Babake ndiye aliyeuchonga,
na fundi akishalipwa, mwanawe hana fungu.
Alikuja tu, tindo kiunoni kama funguo,
akapitisha kidole gumba kwenye mnyororo wa pembeni,
pete kwa pete, mpaka ile ya kumi na tisa,
iliyopinda.
"Hii yangu," akasema. "Nilikuwa na miaka minane.
Alinizaba kofi,
halafu akaiacha."

Sisi wa ghala la karafuu
(tukiomba ruzuku tunajiita kikundi cha sanaa,
siku nyengine tunadaiana chai)
tuliitwa baada ya isha.
Kombo, mchora vichwa kwenye mabango ya vinyozi,
Asya wa ukili na rangi za kuchemsha,
na mimi, mwandika majina ya maduka,
ambaye herufi zangu zote huinamia kulia
kama zinasikiliza.
Lori lingekuja alfajiri, kuwahi meli Mkoani.

Tuliulaza chali kama mgonjwa.
Masizi ya masufuria ya Bi Chumu, mafuta ya kitani,
na chupa iliyovishwa mpira wa baiskeli, ndiyo rola yetu.
Mize akatuzuia mikono:
kwenye kizingiti cha juu palikuwa na aya.
Akaifunika kwa kitambaa cheupe,
akakibana kingo kwa nta ya mshumaa.
"Haya hayapigwi chapa kwa masizi ya ubwabwa."

Merikani ikatandazwa.
Misumari ya shaba ikaitoboa mahali kumi na mbili,
Asya akasema ataishona. Hajaishona.
Tukasugua kwa migongo ya pawa,
na mikono ilipochoka
tukawaamsha watoto, tukawaosha miguu,
wakatembezwa juu yake wakisukumana,
wakipita mlangoni
bila ya kupita.

Kisha kuibandua. Sauti ile,
plasta ikitoka kwenye mguu wenye nywele.
Samaki waliokuwa wakenda kulia wakenda kushoto.
Palipochongwa pametoka peupe,
paliposazwa pametoka peusi,
nikaelewa, kwa kuchelewa kwangu,
kwamba kazi ya marehemu ni huu weupe,
kile alichokiondoa akakifagia jioni
mkewe akawashia moto.
Weusi ni mfenesi tu,
nao ulikuwapo kabla yake.
Na juu kabisa, ule mkanda wa aya,
mweupe mtupu:
si wa mkono, si wa mti.

Mize aliitafuta pete yake mahali pake.
Haikuwapo.
"Imehama," Kombo akamwambia, "tazama ng'ambo."
Akaiona. Akajishika shavu la kulia,
akasimama hivyo mpaka taa ikaanza kulia mafuta.
Sikumuuliza lile kofi
lilikuwa la upande gani.

Watu wa lori walinuna.
Tulipangusa kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikababuka,
lakini masizi yameingia kwenye mifuo, hayatoki.
Huko hotelini, mgeni akiegemea
atainuka na ua la Wete
mgongoni mwa shati.

Nguo tumeitundika pale pale, kwenye tundu la mlango.
Bi Time akitoka hukusanya pindo kama anavuka tope.
Usiku upepo huifurisha,
ukutani mwa jirani hutembea samaki.

Warithi wamesikia kwamba ina thamani.
Juzi mmoja alikuja na futi kamba,
akapima upana, akagawa kwa saba kwa kunong'ona,
akakosea, akaanza tena.
Peke yake hakuweza, kamba ilikuwa ikiteleza.
Mize akaweka tindo chini,
akamshikia ncha ya pili.